Mwaka Mama Aliporudi Nyumbani

Tulipotoka kumzika Mama, wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikaa kwenye mikeka uani kwetu, mtaa wa Panda, Likasi, wakasimulia jinsi alivyokuwa. Kila mmoja alisema jambo lile lile kwa maneno yake: mwanamke mtulivu, asiyejua kugombana, asiyemwacha mtu aondoke na njaa. Binti yangu, ambaye alimjua akiwa bibi mwenye mvi tu, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mimi na mdogo wangu Didi, aliyekuja kutoka Kolwezi kwa ajili ya mazishi, tulikaa kwenye ngazi ya jikoni bila kuongeza neno. Mwishowe Didi akaniuliza, mimi dada yake mkubwa, kwa sauti ya chini, "Yaya, weye unakumbuka ule mwaka?" Nikamwambia naukumbuka. Akasema yeye amebakiwa na vipande tu, maana alikuwa mdogo sana, na kwamba sasa Mama hayupo angependa kujua yote. Nilijaribu kumsimulia palepale, nikaishia kwenye sentensi ya kwanza. Ndiyo maana naandika.

Sitaanza na babu na bibi, wala na vijiji tulikotoka. Inatosha kujua kwamba Papa alikuwa akifanya kazi kiwandani Shituru, kwamba tulikuwa watoto watatu, mimi Janine, kisha Didi, kisha Lulu aliyekuwa bado hajafikisha miaka minne, na kwamba mwaka mmoja kabla ya huu ninaousimulia kulikuwa na siku ambayo lazima niiseme kwanza. Ilikuwa katikati ya kipwa, ule wakati wa ukavu ambapo asubuhi za Likasi zina baridi ya kuumiza vidole. Kwa majuma kadhaa Mama alikuwa haoni usingizi. Aliniambia mimi peke yangu, kwa kunong'ona, kwamba kuna watu wanasimama nyuma ya ukuta na wanataka kutupulizia kifo kupitia nyufa. Mbele ya Papa alinyamaza, akapika, akafua, akatabasamu. Siku hiyo Papa alipokwenda kazini, Mama hakuturuhusu kwenda shule. Alituingiza katika chumba cha kulala, kile chake na Papa, akafunga mlango, akasokota vitenge vyake na kuvishindilia kila mahali penye mwanya, chini ya mlango, kandokando ya dirisha. Kisha akawasha mbabula mbili, majiko ya makala, yaani mkaa, na kuziweka katikati ya chumba, akisema moto utawazuia. Ninakumbuka kichwa kikianza kuniuma. Ninakumbuka Lulu akikohoa. Ninakumbuka Mama ameketi chini, mgongo wake umeegemea mlango, anatutazama kwa upendo mkubwa.

Umeme ulikatika kiwandani na wafanyakazi wakarudishwa majumbani kabla ya saa yao. Papa ndiye aliyevunja dirisha. Mimi na Didi tulizindukia nje kwenye majani, majirani wakitumwagia maji. Mama naye alizinduka. Lulu hakuzinduka. Wapo waliosema mahali pa mwanamke yule ni Buluo, gerezani, na wapo waliosema maneno mabaya kuliko hayo. Papa na padri wa parokia walikwenda kuwasihi wakubwa, na Mama akapelekwa Lubumbashi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, kabla hata mtoto hajazikwa.

Mwaka ninaotaka kusimulia ulianza baada ya Pasaka, mezani. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu. Papa, ambaye kwa kawaida alikula kimya, alisafisha koo na kusema kwamba Jumamosi atakwenda kumchukua Mama. Didi akauliza kama amepona. "Banganga banasema iko muzuri," Papa akajibu, yaani madaktari. "Atakunywa dawa yake kila siku, na shiye tutaishi naye polepole." Nilikuwa na bukari mdomoni. Nilikwenda kuitema nyuma ya nyumba, nikasimama pale nikishika ukuta, na nilichokuwa nawaza ni jambo moja tu: atalala chumba gani. Kesho yake Papa aling'oa makomeo yote ya ndani ya milango kwa bisibisi, hata la chooni. Mbabula ya kupikia aliihamishia chini ya kibanda cha mabati uani na kuifunga mguu kwa waya kwenye nguzo. Nilimtazama akikaza ule waya kwa koleo, nikaelewa kwamba yeye pia anaogopa, na kuelewa hivyo hakukunipunguzia woga hata kidogo.

Aliyerudi Jumamosi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono inayotetemeka. Dawa zilikuwa zimemvimbisha uso na kumfanya atembee kama mtu anayevuka maji yasiyojulikana kina chake. Alisimama mlangoni mwa sebule akiwa na mfuko wake wa nguo, kama mgeni, mpaka Papa alipomwambia akae. Akatusalimia kwa majina, mimi kisha Didi, na kati ya majina yetu na ukimya uliofuata kulikuwa na nafasi ya jina la tatu ambayo sote tuliisikia. Hakuingia katika kile chumba. Papa alikuwa ametandika godoro sebuleni, na Mama alilala hapo mwaka mzima, kati ya mlango wa mbele na chumba chetu. Ina maana kwamba kila nilipotaka kutoka nje nililazimika kupita karibu na miguu yake.

Juma lililofuata aliomba apike. Jirani alikuwa ameleta samaki kutoka ziwa Tshangalele, na Mama alikaa kwenye kigoda uani, akawaparua, akawatia chumvi, akawakaanga, Papa akiwa amesimama hatua chache kutoka kwake na kujifanya anatengeneza baiskeli. Harufu ilikuwa ile ile ya zamani. Tulikaa mezani, na Didi akala kwa pupa kama mtoto aliyekosa chakula cha mama yake kwa muda mrefu. Mimi nilivunja samaki wangu vipande vidogo na kuvisogeza sahanini. Nilimtazama Didi akila, nikisubiri aanguke. Mama aliniona. Alinyoosha mkono, akachukua kipande kwenye sahani yangu, akakila yeye mwenyewe, akaendelea na chakula chake. Leo, nikiwa nimemzidi umri aliokuwa nao siku ile, najaribu kufikiria ilimgharimu nini kufanya hivyo mbele ya mtoto aliyemzaa. Wakati ule sikufikiria. Niliona tu kwamba yeye hakuanguka, nikala nusu.

Katika nyumba ya kambi ukuta hauzuii maneno. Mama alikuwa na dada yake mkubwa, Mama Mukubwa Agata, muuza vitenge sokoni Kikula, mwanamke mwenye sauti nzito aliyekuwa akisali katika kanisa la uamsho karibu na soko. Yeye ndiye aliyetulea miezi ile Mama alipokuwa Lubumbashi. Alitufulia, alitupikia, alimshika Didi kila alipoamka akilia. Simsemi kwa ubaya. Lakini alasiri moja, Mama akiwa amelala kwa nguvu ya dawa kwenye mkeka uani, nilimsikia akizungumza na Papa sebuleni. Alisema ule haukuwa ugonjwa, ugonjwa haukai kimya na kupanga vitenge chini ya mlango. Alisema watu wa kanisani wameona kitu katika maombi. Papa akamwambia kwamba munganga ameeleza, ni ugonjwa wa kichwa, unatibiwa kama malaria inavyotibiwa. Hapo Mama Mukubwa akashusha sauti, nami nikasogeza sikio. "Shemeji, bile bintu habikae kwa mutu mumoja. Binatokaka ku mama, binaingia ku binti. Muangalie Janine vizuri."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku ile nilianza kujiangalia mwenyewe. Baridi ya kipwa iliporudi, majirani wote walianza kuingiza mbabula ndani jioni ili kupasha moto vyumba, na harufu ya makala ilitambaa kambi nzima. Nilifungua dirisha la chumba chetu na kulala hivyo, Didi akilalamika na kujifunika mpaka kichwani. Kisha nikaanza kuisikia harufu ile mahali isipokuwepo: kanisani, kwenye nguo safi, ndani ya kikombe cha chai. Siku moja darasani, kwenye somo la hesabu, niliisikia kali kiasi kwamba nilisimama, nikapindua dawati na kukimbia nje, na mwalimu aliponifuata alinikuta nimekaa kwenye vumbi nikijaribu kuvuta pumzi. Nilimwambia nina malaria. Nyumbani sikusema kitu. Nilikuwa sioni usingizi. Nilisubiri kila mtu alale, nikapitisha vidole chini ya mlango kuhakikisha kwamba hakuna kitambaa, nikarudi kitandani, nikaamka tena kuhakikisha.

Na kisha Lulu akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi chake kabisa, kikavu, mara mbili na kupumzika, mara mbili na kupumzika, na kilitoka katika kile chumba ambacho hakuna aliyeingia tena. Mara ya kwanza nilijiambia ni mtoto wa jirani. Mara ya pili niliganda nilipokuwa, ufagio mkononi, jasho likinitiririka mgongoni katika ile baridi. Sikuogopa kwamba Lulu yupo. Niliogopa kwamba hayupo na mimi namsikia. Ilimaanisha kwamba Mama Mukubwa alisema kweli, kwamba kile kitu kimetoka kwa mama na kuingia kwa binti, na kwamba siku moja mimi pia nitakaa nimeegemea mlango na kumtazama Didi kwa upendo mkubwa. Nikafanya kile Mama alichokuwa amefanya: nikapika, nikafua, nikatabasamu. Wakati mwingine nilipokuwa peke yangu na Didi nilitoka kwenda kukaa barabarani, ili awe mbali nami. Alifikiri namkasirikia.

Ilikuwa mchana, mwisho wa kipwa, joto limeshaanza kurudi. Papa alikuwa kazini, Didi shuleni. Mimi sikwenda, nilisema tumbo linaniuma. Nilikuwa nachambua maharagi mezani. Kikohozi kikaja, kwa muda mrefu, kama mtoto anayeita, na bila kufikiri nikajibu kwa sauti, "Nakuya, Lulu, nakuya." Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, beseni la nguo mikononi. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa wakati ule. Aliweka beseni chini.

"Ulikuwa unajibu nani?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Minye pia nilikuwa nasema hakuna mutu."

Hakunikaribia. Alikaa sakafuni pale pale aliposimama, taratibu, kwa sababu ya mwili wake mzito, ili nisilazimike kumtazama kwa juu. Aliniambia kwamba amekuwa akinisikia usiku nikipapasa chini ya milango. Aliniambia kwamba kule Lubumbashi daktari alimuuliza kwa nini hakusema mapema, naye akajibu kwamba aliogopa wangemfunga. "Nilificha, Janine. Nilificha sana. Kama nilisema, mutoto wangu angekuwa hapa. Weye usifiche."

Nilimwambia. Nilimwambia harufu, milango, darasa, kikohozi. Alipouliza kama Lulu anakohoa vile vile alivyokuwa anakohoa, nikasema ndiyo, uso wake ukakunjamana, na kwa kitambo nilidhani nimemrudisha kule alikotoka. Lakini alijifuta kwa kitenge chake, akasema kesho asubuhi tutakwenda kwa Masera Klara, yeye na mimi.

Masera Klara alikuwa mtawa muuguzi, mwenye miwani minene, aliyekuwa na chumba kidogo nyuma ya zahanati ya parokia; kwake ndiko Mama alikokuwa akichukua dawa zake. Alimwomba Mama asubiri nje, na Mama akatii. Kwa mara ya kwanza mtu aliniuliza juu ya siku ile yenyewe, dakika baada ya dakika, badala ya kuniambia nisahau. Nilimuuliza kama kile kitu kimeingia ndani yangu. Hakunidanganya. Alisema hajui bado. Alisema mtu asiyelala majuma mengi anaweza kusikia mengi, na kwamba mtoto aliyepitia niliyopitia bila kulia anaweza kuugua kwa namna yake. Akanipa vidonge vya kunisaidia kulala na kuniambia nirudi kila juma, nimweleze kila ninachosikia bila kuchagua. Tulirudi kwa miguu, Mama na mimi. Nilikuwa nimetegemea kujisikia mwepesi. Nilichokuwa nacho ni woga ule ule, ila sasa kulikuwa na watu wawili wanaoujua.

Papa alipoambiwa alikaa na kushika kichwa. Nadhani ni yeye, kwa kuchanganyikiwa, aliyemwambia Mama Mukubwa, kwa sababu siku chache baadaye alifika na wanawake wawili wa kanisa lake, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Papa alikuwa kazini. Walikuja kunichukua niende nikafunge na kuombewa katika nyumba ya maombi, mpaka kile kitu kitoke. Nilikuwa sebuleni na Didi. Niliwahi kuona watu waliotoka katika nyumba ile, wengine na alama za kamba mikononi. Lakini pia nilitaka sana mtu anitoe kile kitu mara moja, kwa nguvu, niwe safi, na Mama Mukubwa ndiye aliyenishika miezi ile yote, kwa hiyo nilipomwona nilisimama kumfuata.

Mama alitoka uani mbio, yeye asiyeweza kukimbia, akajiweka kwenye mlango. Aliegemeza mgongo wake kwenye mbao, akatandaza mikono. "Janine haendi," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, niliyokuwa sijaisikia tangu arudi. Nami nikaona kile nilichokiona mwaka ule mwingine: mama yangu, mgongo wake mlangoni, na sisi ndani. Didi alianza kupiga kelele. Mama Mukubwa akasema, kwa utulivu wa mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua, "Vero, toka ku mulango. Tumekuya kusaidia mutoto."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kisha Didi, kisha akageuza kichwa na kuona mbao alizoegemea. Niliona alipoelewa. Alishusha mikono. Akaufungua mlango mpaka mwisho, akauwekea kigoda usijifunge, akaenda kusimama upande wa pili wa chumba, mbali, karibu na dirisha.

"Mulango iko wazi, mwanangu," akasema. "Ukitaka kuenda na mama yako mukubwa, enda, sitakukamata. Ukitaka kubakia, bakia. Lakini kule habatakuacha unywe ile dawa ya Masera."

Atakayesoma haya huenda akadhani nilibaki kwa upendo, au kwa ujasiri. Sikuwa na kimoja wala kingine. Nilikaa kwenye kiti kwa sababu magoti hayakuweza kunibeba, na nilipoulizwa nikasema, "Nabakia," kwa sauti ambayo Mama Mukubwa alilazimika kuniomba niirudie. Alikuwa analia. Kisha akawaambia wenzake waende, yeye akabaki, akamchukua Didi mapajani mpaka alipotulia, na yeye na Mama, dada wawili, wakakaa katika chumba kimoja hadi Papa aliporudi.

Sikupona siku hiyo. Kikohozi kiliendelea, kikawa cha mbali, kikapotea, kikarudi mara moja baadaye nilipojifungua binti yangu, na nilikwenda hospitali siku ile ile bila kusubiri. Mama naye alirudi Lubumbashi kwa muda, miaka kadhaa baadaye, kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kumwambia Papa kwamba ameanza kusikia watu nyuma ya ukuta. Wale wanawake uani walikuwa sahihi kwamba hakujua kugombana. Kile alichokuwa akipigana nacho hawakukiona.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, na familia za kambi zilikuwa zikienda makaburini na majembe na ndoo za chokaa. Mama alinijia nikiwa navaa viatu. Hakuwa amewahi kufika. Tangu arudi hakuna aliyethubutu kumpeleka, naye hakuthubutu kuomba. "Unajua kwenye iko," akasema. "Nioneshe." Tulikwenda sisi wawili. Watu walitutazama njiani. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kando. Mkono wa Mama ulikuwa umeshika wangu, nami niliogopa njia nzima, niliogopa kwamba akiona kaburi ataanguka, au atapiga kelele, au uso wake utabadilika na kuwa ule mwingine. Msalaba wa Lulu ulikuwa mfupi, majani yamemea mpaka kwenye mbao. Mama alipiga magoti, akaanza kuyang'oa. Nikapiga magoti upande wa pili. Akauliza bila kuacha kung'oa.

"Nani alimuvalisha?"

"Minye na Mama Mukubwa."

"Balimuvalisha nini?"

Nikamwambia: ile triko, sweta yake ya kijani, aliyoifuma yeye mwenyewe, na suruali ya Jumapili.

"Na masoksi?"

"Na masoksi, Mama."

Alikaa akitazama udongo alioushika mkononi. "Aksanti," akasema. "Nilikuwa nafikiri alienda na baridi."